Tuache kuuliza "ni lini", tuanze kuuliza "fedha iko wapi": uzi kwa wapiga kura wa Mwanza na wa kando ya Ziwa

#1 Mleta uzi

Mwangaluka wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aukate vipande.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja kando ya ziwa, mkoa huu huu wa Mwanza. Halmashauri yetu ni mojawapo ya zile nane na sitaitaja, maana sikuja hapa kugombana na mtu. Nimekuja kueleza jambo nililojifunza kwa kuchelewa sana, na ningependa wengine walijue mapema.

Boma la zahanati tulilijenga wenyewe. Mawe kwetu hayanunuliwi, ni kuyapasua tu. Akina mama walibeba mchanga kutoka ufukweni, kila kaya ikachangia, tukafika kwenye lenta. Baada ya hapo tuliambiwa tusubiri serikali. Wengi mnafahamu utaratibu: wananchi wakifikisha boma pale, serikali hupeleka shilingi milioni 50 kukamilisha zahanati, kama inavyopeleka milioni 12.5 kukamilisha boma la darasa.

Tukasubiri. Boma likaota nyasi ndani. Diwani wetu si mvivu, mara tatu amesimama kwenye Baraza la Madiwani akauliza: "Je, ni lini Halmashauri itakamilisha zahanati ya kijiji chetu?" Mara tatu akajibiwa kwamba Halmashauri inatambua umuhimu wa zahanati hiyo na itakamilisha kadiri fedha zitakavyopatikana. Akarudi kijijini, akatueleza alivyojibiwa, tukampigia makofi kwa kutusemea.

Siku moja nilimwomba aniazime kabrasha la kikao. Kitabu kizito kile, kurasa zaidi ya mia, ambacho madiwani hupewa siku chache kabla ya Baraza na wengi hawawahi kukimaliza. Nikasoma usiku kwa taa ya sola. Nyuma kabisa, kwenye viambatisho, kuna jedwali la utekelezaji wa miradi ya afya. Zahanati yetu imo. Fedha iliyoidhinishwa: milioni 50. Iliyopokelewa: milioni 50. Iliyotumika: sifuri. Na safu ya mwisho, ya maelezo, imeandikwa "utekelezaji unaendelea".

Wakuu, nilirudia kuusoma ule mstari mpaka nikawasha na tochi ya simu. Wakati sisi tunauliza fedha zitapatikana lini, fedha zilikuwa zimeshapatikana.

Robo iliyofuata diwani hakuuliza "ni lini". Tulikaa naye tukaandika swali, akalisoma kama lilivyo: katika jedwali la miradi ya afya, ukurasa huu, mstari huu, fedha ya zahanati yetu imeonyeshwa kupokelewa yote. Ilipokelewa tarehe ngapi? Iliingia akaunti ipi? Leo asubuhi akaunti hiyo ina salio la shilingi ngapi?

Ukumbi ulitulia. Mweka Hazina akasimama, akapekua karatasi zake, akaomba alete majibu kwa maandishi kwenye Kamati ya Fedha mwezi unaofuata. Mwenyekiti akaagiza iwe hivyo na ikaandikwa kwenye muhtasari.

Majibu yalikuja. Hakuna aliyekuwa ameiba, na hili naomba lisomwe vizuri. Fedha ilihamishiwa kumalizia madarasa kwa sababu wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wanaingia Januari na shinikizo lilikuwa kubwa. Waliita "kuazima". Lakini uhamisho ule haukupita Baraza, kijiji hakikuambiwa, na hapakuwa na tarehe ya kurudisha. Baada ya swali lile fedha ilirudi kwa awamu mbili. Tumepaua, bati ziko juu.

Ndiyo maana nauleta uzi huu. Swali la "ni lini" linamwachia anayeulizwa aamue jibu, na jibu liko tayari mdomoni mwake. Swali la kiasi, tarehe na akaunti linamrudisha kwenye daftari. Tuwasaidie madiwani na wabunge wetu kuuliza la pili.

#2 Mwananchi Mkavu

Mkuu hongera kwa zahanati. Ila tuambiane ukweli. Kwenye halmashauri nyingi za huku madiwani karibu wote ni wa chama kimoja, mkurugenzi anateuliwa na Rais. Kabla ya Baraza wanakaa kikao cha chama, wanakubaliana nini kisemwe na nini kisisemwe. Mbunge naye ana chama chake kinachomwangalia. Swali zuri utalipeleka wapi?

#3 Mleta uzi

Mkuu, siwezi kukubishia kwamba kikao cha chama kipo. Kipo, na maswali mengine hufia humo. Lakini angalia kwamba swali letu halikumtuhumu mtu. Lilitaja ukurasa na mstari. Ni vigumu chama kumwambia diwani asisome kwa sauti kitu ambacho Mkurugenzi mwenyewe amekichapisha kwenye kabrasha.

Halafu historia yenyewe haisemi kwamba wa chama tawala hawawezi kuhoji. Mwaka 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari mwaka huo. Kwenye sakata la fedha za akaunti ya Escrow mwaka 2014, PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ilikuwa chini ya Zitto Kabwe wa upinzani, lakini makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa CCM, na walisimama pamoja. Na kwetu hapa Kanda ya Ziwa kuna Buzwagi, kule Kahama. Agosti 2007 Zitto alileta hoja binafsi kuhusu mkataba wa mgodi ule akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Kabla mwaka haujaisha Rais aliunda kamati ya kupitia mikataba ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake.

Gharama ipo, sikatai. Ila mlango haujafungwa kama tunavyoambizana vijiweni.

Kuhusu Mkurugenzi, ni kweli hachaguliwi na madiwani. Lakini ndiye katibu wa Baraza. Taarifa za mapato na matumizi analeta yeye, na Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi. Pale ndipo pa kumbana, kabla jambo halijafika Baraza Kuu ambako watu wanavaa majoho na muda ni mfupi.

#4 Mstaafu wa Halmashauri

Wanangu, nimefanya kazi serikali za mitaa zaidi ya miaka ishirini na tano. Mleta uzi amesema kweli, naomba niongeze jambo moja ambalo raia wengi hawalijui.

Mbunge akiuliza swali bungeni Dodoma kuhusu kituo cha afya cha kwenu, Naibu Waziri hana jibu mfukoni. Swali linashuka. Kutoka OR-TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, linakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwake linashuka kwa Mkurugenzi, kwake linafika kwa mkuu wa idara, siku hizi wanaita divisheni. Yule ndiye anayeandika. Kisha jibu linapanda ngazi zilezile, likisafishwa maneno kila ngazi, mpaka linasomwa bungeni kwa sauti nzuri. Mimi nimeyaandika majibu hayo. Kwa hiyo mara nyingi anayejibu ni yuleyule anayeulizwa.

Ndiyo maana swali la msingi peke yake haliumi. Linalouma ni la nyongeza. Mnawasikia wabunge wakisema "nina maswali mawili madogo ya nyongeza". Hayo hayakushuka ngazi, Naibu Waziri anayasikia palepale. Mbunge akiwa na picha ya jengo, tarehe na jina la kijiji, akasema "jibu linasema kituo kimekamilika, lakini juzi Jumamosi nilikuwa pale na hakina mlango", basi waziri anaahidi kufuatilia mbele ya nchi nzima, na ahadi hiyo inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Kesho yake asubuhi simu ya Mkurugenzi inalia. Nazijua simu hizo.

Mbunge hana macho kila kijiji, mpeni ushahidi. Msimpe malalamiko matupu, kwa sababu malalamiko kila mtu anayo.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hii ya swali la nyongeza naiandika kwenye daftari. Wabeja sana.

#6 Mchuuzi wa Dagaa

Mimi ni mama wa biashara ya dagaa. Kila gunia nalipia ushuru, mashine ya POS inatoa risiti, nazitunza zote ndani ya mfuko wa nailoni. Mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hauna choo kinachofaa, mvua ikinyesha tunaanika dagaa kwenye tope. Diwani tukimwuliza anasema suala liko kwenye mipango. Hivi mimi niulize nini? Sijui mambo ya makabrasha.

#7 Mleta uzi

Mama yangu, wewe una ushahidi kuliko mimi. Mfuko wako wa risiti ni kabrasha tosha.

Ushuru unaolipa ni mapato ya ndani ya halmashauri, na hapo ndipo madiwani wana nguvu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu wao ndio wanaopitisha matumizi yake. Fedha za ruzuku kutoka Hazina huja na masharti yake. Fedha ya dagaa wako hupangwa kwenye ukumbi ule ule diwani wako alipokaa.

Kwa hiyo usiulize "choo cha mwalo kitajengwa lini". Kusanyeni risiti za mwezi mmoja, wewe na wenzako kumi, mjumlishe. Mpeni diwani jumla hiyo. Aulize: kwa robo iliyopita mwalo huu umekusanya shilingi ngapi kwa mujibu wa mfumo, na kati ya hizo kiasi gani kimetumika kwenye mwalo huu huu? Jibu likiwa milioni kadhaa zimetoka na sifuri imerudi, mjadala wa choo utakuwa umebadilika. Na jumla yenu ikipishana sana na ya mfumo, hilo ni swali jingine kubwa zaidi, na Mkaguzi wa Ndani atalihitaji.

Jambo la pili, mama. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Iko kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa tangu marekebisho ya 2018. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wake baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha marejesho mabovu na vikundi vyenye mashaka, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Maana yake ni kwamba maswali ya ukaguzi yaliyofika bungeni yaligusa kikundi cha akina mama wa mwaloni moja kwa moja. Diwani aulize: robo hii asilimia 10 ilikuwa shilingi ngapi, zilizopelekwa kwenye akaunti ya mikopo ni ngapi, na orodha ya vikundi vilivyopata imebandikwa wapi?

#8 Kijana wa Misungwi

Kwetu tatizo ni maji. Bomba la Ziwa Victoria linaanzia Ihelele, wilayani kwetu Misungwi, linapeleka maji Kahama na Shinyanga. Linapita karibu na vijiji vyetu, sisi tunachota kwenye madimbwi na ng'ombe. Diwani analia kila Baraza, anaambiwa maji si ya halmashauri.

#9 Mleta uzi

Mkuu umegusa mahali ambapo madiwani wengi wamepotea njia bila kosa lao.

Zamani mhandisi wa maji na mhandisi wa barabara walikuwa wakuu wa idara wa halmashauri. Diwani alikuwa anamwona palepale ukumbini, anamhoji, anampa karipio. Kisha TARURA, wakala wa barabara, ikaanza mwaka 2017 ikachukua barabara za vijijini na mijini. RUWASA, wakala wa maji, ikaja na Sheria ya Maji ya 2019 ikachukua maji ya vijijini. Meneja wa wakala wilayani huja kwenye Baraza, anasoma taarifa yake kwa heshima, lakini bosi wake hayuko ukumbini na bajeti yake haikupitishwa hapo. Diwani akimbana sana, anajibiwa "nitalifikisha kwa viongozi wangu". Mimi naona hapa pamebomolewa kitu. Wataalamu wanasema wakala zina ufanisi zaidi, na inawezekana. Lakini mwananchi wa kijijini anamjua diwani tu. Daraja la mto likikatika, mlango anaoubisha ni wa diwani.

Sasa ufanyeje? Swali la maji ya bomba kuu lipelekwe kwa mbunge, maana Waziri wa Maji anawajibika bungeni. Katiba yetu, Ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa pale ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Na swali lako, mkuu, lina kipimo tayari. Bungeni imeelezwa mara nyingi kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vinapaswa kuunganishwa. Basi chukueni ramani ya wilaya, orodhesheni vijiji vya kata zenu vilivyo ndani ya kilomita hizo, wekeni alama vilivyounganishwa na visivyounganishwa. Mbunge asiulize "ni lini wananchi wa Misungwi watapata maji". Aulize: "vijiji hivi saba, kwa majina, viko ndani ya kilomita 12. Kwa kila kimoja, usanifu umefanyika mwaka gani na fedha yake iko kwenye kasma ipi, yaani kifungu kipi, ya bajeti hii?"

Vitabu vya bajeti vinasomeka. Wizara ya Maji ni Fungu 49. Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81. Kitabu cha Nne ndicho cha miradi ya maendeleo. Kijiji kisipoonekana humo na waziri anasema "kipo kwenye mpango", mbunge ana neno la kusema wakati wa kupitisha bajeti. Ndipo mnaposikia mbunge "ameshika shilingi": anasimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri, anagoma kipite mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Mara nyingi shilingi hurudishwa baada ya ahadi. Lakini ahadi ile huwa na maneno mazito kuliko ya siku za kawaida, na huandikwa.

Msisubiri Juni. Bunge la bajeti linaanza Aprili, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya kijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Anayepeleka ombi mwezi Mei anakuta mkate umeshakatwa.

#10 Mkazi wa Ukara

Mimi nawasoma kwa uchungu. Septemba 20, 2018 nilikuwa Bwisya MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati. Kivuko cha watu 101. Tulizika watu zaidi ya 220. Nimepoteza ndugu.

Mnaposema swali lenye tarehe na kiasi, mimi nawaza hivi: visiwani kwetu swali la kivuko si la fedha peke yake. Kabla ya bei na bajeti, mwakilishi wetu angekuwa anauliza kila mwaka: kivuko hiki kilikaguliwa mara ya mwisho tarehe ngapi, nani alisaini, injini ilifanyiwa matengenezo lini, siku ya gulio abiria huhesabiwa na nani? Maswali manne. Hayana chama, na hayahitaji usomi.

#11 Mleta uzi

Pole sana ndugu yetu. Poleni wote wa Ukara na Ukerewe. Hakuna la kuongeza juu ya maswali yako manne. Nitaomba ruhusa yako niyanakili kwa madiwani wa kata za visiwani ninaowafahamu, yasomwe kila robo hata kama jibu ni lilelile, kwa sababu siku jibu likibadilika lazima awepo mtu wa kuligundua.

#12 Jirani wa Kisumu

Habari zenu ndugu wa ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu Kenya tuna bunge la kaunti na MCA ndio kama madiwani wenu. Tofauti ninayoiona ni kwamba Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 195, inalipa bunge la kaunti uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, na uwezo huo ni kama wa Mahakama Kuu. Afisa wa kaunti hawezi kusema bosi wangu yuko Nairobi. Pia kuna Msimamizi wa Bajeti, ambaye hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti ndani ya mwaka, hatungojei mwaka uishe. Lakini nisiwadanganye, uwezo kwenye karatasi ni kitu kimoja. Tunao MCA wanaoita maafisa kisha wanaahirisha kikao mpaka watu wanasahau. Hiyo ya kuandika ukurasa na mstari nimeipenda, hata huku itatufaa.

#13 Mwananchi Mkavu

Sawa Mleta uzi, nimekuelewa kiasi. Lakini wewe uliazimwa kabrasha. Diwani wangu hapokei hata simu. Raia wa kawaida anazipata wapi hizi takwimu?

#14 Mleta uzi

Swali la haki kabisa, mkuu. Nitakueleza nilikopita mimi.

Ukuta wa ofisi ya kijiji au mtaa ndio wa kwanza. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa na kusomwa kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu. Kwetu mkutano ulikuwa haujaitishwa kwa mwaka mzima, na tulipoanza kudai uitishwe ndipo watu walipoanza kutuangalia vibaya. Kituo cha afya nacho: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kuna kamati ya usimamizi yenye wajumbe wananchi. Mjue mjumbe wenu. Wengi wanasaini bila kusoma kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza walichosaini.

Baraza lenyewe ni la wazi. Unaweza kwenda ukakaa nyuma ukasikiliza. Mimi mara ya kwanza niliulizwa mlangoni "wewe unamwakilisha nani", nikajibu "mimi ni mpiga kura", nikaingia. Nenda na kalamu.

Na ripoti za CAG, mkuu! Watu wanadhani ni za Kiingereza na za wasomi. Ripoti Kuu ya Serikali za Mitaa ipo kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. CAG humkabidhi Rais mwishoni mwa Machi, inawekwa mezani bungeni Aprili. Ukifungua faili, tafuta jina la halmashauri yako, utaliona kwenye jedwali hili na lile: fedha zilizokusanywa hazikupelekwa benki, malipo yasiyo na nyaraka, miradi iliyosimama. Kila mstari pale ni swali lililoiva. Na kila mwaka, mara nyingi Juni, halmashauri hufanya Baraza maalum la kujadili hoja za CAG, Mkuu wa Mkoa akiwepo. Kikao hicho usikose.

Watu hukimbilia kuuliza tumepata hati gani. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi zahanati ina bati. Mwaka ule milioni zetu 50 "zilipoazimwa", sisi tulikuwa na hati safi, na keki ilikatwa.

Mwisho, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua, taja taarifa unayoitaka, ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwako. Wana siku 30 za kukujibu. Mimi barua yangu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliiandika nikaambatanisha nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri, nikajibiwa ndani ya wiki mbili.

#15 Mstaafu wa Halmashauri

Huo muhuri una kazi kubwa, mwanangu. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa.

Niongeze kwa madiwani wanaopita humu kimyakimya, najua mpo. Mkijibiwa "nitaleta kwa maandishi", hakikisheni katibu anaandika kwenye muhtasari jina la swali na kikao ambacho jibu litaletwa. Kikao kinachofuata, kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, ulizeni kabla ya jambo lolote. Sisi watendaji tulikuwa tunajua diwani gani husoma yatokanayo na yupi hasomi. Asiyesoma, swali lake tulikuwa tunaliacha lilale, na nasema hili kwa masikitiko, kwa sababu nyuma ya swali lile kulikuwa na watu.

#16 Mchuuzi wa Dagaa

Mleta uzi, tumejumlisha risiti. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Mtoto wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeandika. Jumla ya mwezi mmoja imetushangaza wenyewe. Jumatatu tunaonana na diwani, tumemwambia aje na muda wa kutosha.

#17 Mleta uzi

Mama, hongereni sana. Mpe nakala, risiti halisi zibaki kwako.

Na mimi nilete mrejesho. Zahanati yetu ina bati, milango na plasta. Haina choo, haina kichomea taka, na bado haijapangiwa muuguzi. Diwani ameuliza robo hii: kati ya milioni 50, zilizotumika ni ngapi mpaka leo, kilichobaki kinatosha choo na kichomea taka kwa BOQ (orodha ya vifaa na gharama) iliyosainiwa, na ikama ya watumishi wa zahanati hii iliombwa kwa barua ya tarehe ngapi? Jibu la maandishi limefika jana jioni. Kilichobaki ni shilingi milioni 6 na laki 4, salio limeambatanishwa na taarifa ya benki. Barua ya kuomba watumishi haikuwa imeandikwa. Imeandikwa wiki iliyopita, nakala ninayo hapa.

Kamati ya manunuzi inakutana Alhamisi saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Fundi wa choo tunamsaini siku hiyohiyo.